Kihispania: kitenzi "tener" kipitishe kwenye Kiswahili, usikipitishe kwenye Kiingereza

MLETA UZI (Arusha)

Wakuu, habari za huko mliko.

Huku Sakina mvua imeanza tangu alfajiri na gari liko gereji, kwa hiyo acha niandike jambo ambalo nimekaa nalo miaka. Nawaandikia wote wanaojifunza Kihispania kwa ajili ya kazi: waongozaji, wapagazi, madereva, wapishi wa kambini, wa mapokezi hotelini, wauza vinyago. Nitazungumzia kitenzi kimoja tu, tener, yaani "kuwa na". Ni kitenzi kinachotumika kutwa nzima, na ni kati ya vile vinavyowakatisha watu tamaa kwa sababu hakifuati kanuni. Leo kinaanza na teng-, kesho tien-, keshokutwa tuv-.

Kwanza niwaambie kwa nini ninakijali hivi.

Nilikuwa mwongozaji msaidizi Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame. Tuko kambi ya Barafu, saa tano na nusu usiku, tunajiandaa kwenda kileleni. Nimepewa nimwangalie mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Hispania, Kiingereza chake cha kuokoteza. Nikataka kumuuliza kama anasikia baridi. Nikasema, "¿Tengo frío?" Akanitazama kwa huruma, akavua glavu zake za juu, zile nene, akanipa. Nikakataa, akasisitiza, akanishika mkono anivalishe. Nilipomulika kwa taa ya kichwani ndipo nikaviona vidole vyake: ncha zimepauka, na zipu ya koti ilikuwa imemshinda kufunga.

Nilichomwambia ni "nasikia baridi". Mimi! Aliyekuwa anaganda ni yeye, na glavu akanipa mimi, kwa sababu nilikosea mkia wa neno moja. Tulimpasha moto, tukamvalisha, akapanda na akashuka salama. Lakini ile picha ya mikono yake haijanitoka.

Wakati huo nilikuwa nimeshamaliza miezi mitatu ya darasa la jioni hapa mjini. Mwalimu alijitahidi, ila kila kitu kilipita kwenye Kiingereza kwanza. Kwa Kiingereza mtu haambiwi "ana njaa", anaambiwa yeye "ni" mwenye njaa, hata umri wake anausema kwa "ni". Kwa hiyo darasa zima tulikuwa tunasema *estoy hambre*, kisha tunafuta, tunaandika *tengo hambre*, tunaambiwa "hii ni ya kukariri". Wakuu, ya kukariri kitu gani? Kwetu ni hivyohivyo tangu tukiwa watoto! Angalieni:

tengo hambre – nina njaa
tengo sed – nina kiu
tengo sueño – nina usingizi
tengo prisa – nina haraka
tengo suerte – nina bahati
tengo fiebre – nina homa
tengo treinta años – nina miaka thelathini

Neno kwa neno. Mswahili hana cha kukariri hapo, ana cha kutambua tu.

Sasa nafsi. Wakati uliopo unakwenda hivi:

tengo – nina
tienes – una
tiene – ana (pia "una" ya heshima, kwa mtu mzima unayemwita *usted*)
tenemos – tuna
tenéis – mna (huko Hispania)
tienen – wana (na "mna" kwa watu wa Meksiko, Kolombia na Amerika ya Kusini yote)

Kiswahili kinamweka mtu mbele ya kitenzi: nina, una, ana. Kihispania kinamweka mkiani: tengo, tienes, tiene. Ndiyo maana wao pia hawahitaji kutaja "mimi" na "wewe" kila mara, kama sisi. Ukimwambia Mhispania *tengo* huku unamnyooshea kidole ni sawa na kumwambia mtu wa Kaloleni "wewe nina njaa". Atakushangaa, na akiwa na roho nzuri atakupa chakula.

Naomba nipumzike kidogo, nitaendelea. Mwenye swali aweke.

MDAU (Usa River)

Mkuu heshima kwako, lakini hapa mimi siko pamoja nawe. Mambo ya nafsi ya kwanza, nafsi ya pili ndiyo yaliyotutoa darasani. Mimi Kihispania nimekiokota getini na barabarani kwa wageni wenyewe, sijawahi kuona jedwali. Nilishika sentensi nzima: *¿tiene agua?*, *no tengo cambio*, *tenemos que salir*. Inatosha, na mkono unaenda kinywani.

MLETA UZI (Arusha)

Kaka nakuheshimu, na nusu ya unachosema nakichukua. Sentensi nzima inakaa kichwani kuliko orodha. Hata mimi sikukariri jedwali nikiwa mezani. Nilikuwa navizia kila "nina" ya siku. Konda wa Haisi ya Usa akimuuliza abiria "una chenji?", moyoni nasema *¿tienes cambio?* Mama wa Kilombero akisema "leo sina nyanya nzuri", nasema *no tengo buenos tomates*. Mzee wa jirani "ana wageni": *tiene visitas*. Usipovizia huwezi kuamini ni mara ngapi kwa siku tunasema hilo neno. Wiki ya pili mdomo ulikuwa unatangulia akili.

Ila sentensi ulizoshika wewe zote ni za mambo uliyoyazoea. Siku mgeni ameanguka njiani na unataka kumuuliza mwenzake "alikuwa na maumivu ya kichwa tangu jana?", hiyo hukuiokota popote. Lazima uijenge mwenyewe, papo hapo. Kwa hilo unahitaji kujua neno linageukaje.

Na hiyo *tenemos que salir* uliyoitaja ni dhahabu. *Tener que* ni "kulazimika": *tengo que*, inanibidi, *tienes que beber agua*, inakubidi unywe maji. Mlimani naitumia kuliko salamu.

MDAU (Moshi, Soweto)

Swali langu: kwa nini *tienes* halafu *tenemos*? Hiyo "i" inatoka wapi na inakwenda wapi? Mimi hapo ndipo ninapoachia daftari.

MLETA UZI (Arusha)

Hapo ndipo patamu, soma taratibu.

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Barafu. Machame. Kilimanjaro. Kihispania nacho, neno likiishia na vokali, au n, au s, bila alama ya mkazo juu, hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo soma maneno haya kama unavyosoma Kiswahili, usifikirie kitu kingine: tie-nes, tie-ne, te-ne-mos, tie-nen.

Umesikia? Mkazo ukiangukia ile *te-* ya shina, inavimba inakuwa *tie-*. Mkazo ukisogea mbele, *te-* inabaki ilivyokuwa. *Tenemos* mkazo uko kwenye *ne*, kwa hiyo hakuna "i". *Tenéis* alama iko juu ya *é*, mkazo uko huko, hakuna "i". Sikio lako la Kichaga au la Kimeru au la Kimaasai lililokwisha kuzoea Kiswahili linaijua hiyo sehemu ya mkazo bila kufundishwa.

Ushahidi mwingine: Waajentina. Wao rafiki humwita *vos* badala ya *tú*, na husema *vos tenés*. Mkazo uko mwisho, na "i" imetoweka! Siku nilipomsikia Mwajentina akisema hivyo nilidhani amekosea. Hakukosea, ni kanuni ileile.

*Tengo* tu ndiyo iliyokaidi: mkazo uko kwenye *ten-*, lakini badala ya kuvimba imechukua "g". Hiyo ichukue ilivyo, maana ina ndugu wengi: *vengo* (ninakuja), *pongo* (ninaweka), *salgo* (ninatoka). Ukimshika mmoja umeshika ukoo.

DADA WA MAPOKEZI (Moshi)

Kaka asante sana, huu uzi nimeuhifadhi. Ila naomba niwaonye wenzangu, maana mimi niliipenda hiyo njia ya "nina = tengo" nikaipitiliza. Mgeni aliniuliza hali, nikataka kusema nina furaha, nikasema *tengo feliz*. Akanielekeza kwa upole, *estoy feliz*. Halafu siku nyingine joto limezidi, feni limekufa, nikataka kusema nasikia joto nikasema *estoy caliente*. Yule baba akainamisha macho. Mkewe ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza kwamba mtu akijisemea hivyo maana yake ni ya chumbani. Nilitamani ardhi ipasuke.

MLETA UZI (Arusha)

Pole dada yangu, na umefanya vizuri sana kulisema mbele ya watu. Hili wengi litawakuta.

Daraja letu lina mahali linapokatika, na ni haki niwaonyeshe. Nina furaha, nina huzuni, nina shughuli, nina mimba: hizo zote Kihispania ni *estoy*: *estoy contento* (*contenta* kwako wewe dada), *estoy triste*, *estoy ocupada*, *estoy embarazada*. Nimechoka nayo ni *estoy cansado*. Upande wa pili, baridi na joto, ambavyo sisi "tunavisikia", wao "wanavyo": *tengo frío*, *tengo calor*. Kuogopa pia: *tengo miedo*, nina hofu.

Mimi nimejiwekea alama hii: njaa, kiu, usingizi, baridi, joto, homa, maumivu, yaani yale ambayo mwili unayabeba, ni *tener*. Hali ya moyo na shughuli, mara nyingi *estar*. Hofu ni ya moyo lakini iko kwenye *tener*, kwa hiyo alama yangu ina tundu, ila inanifikisha mbali. Na "iko wapi" ya mtu au kitu ni *estar*: niko Moshi, *estoy en Moshi*.

Na kuna jingine ambalo Kiswahili kinatusaidia bure. Sisi hatuchanganyi "kuna" na "ana". Kuna maji? *¿Hay agua?* Una maji? *¿Tiene agua?* Wao vilevile ni vitenzi viwili mbalimbali.

MWALIMU MSTAAFU (Kaloleni)

Vijana, nimesoma nikafurahi. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, sijui Kihispania, ila niongeze neno.

Mnalalamika *tener* haifuati kanuni. Je, "kuwa na" yetu inafuata? Sema "nina". Kitenzi "kuwa" kiko wapi hapo? Hakimo! Ni "ni" ya nafsi na "na" basi. Tena hiyo "na" si ile ya wakati, ya "ninasoma". Ukienda wakati uliopita, kitenzi kinarudi ghafla: "nilikuwa na". Ujao: "nitakuwa na". Ukikanusha: "sina", "sikuwa na", "sitakuwa na". Mgeni anayejifunza Kiswahili hapa analia kama mnavyolia nyinyi. Vitenzi vinavyotumika sana ndivyo vinavyobaki na maumbo ya pekee, kwa sababu watoto wanayasikia kila saa, hawana haja ya kanuni.

MLETA UZI (Arusha)

Shikamoo mwalimu! Nimesoma mara tatu. Miaka yote hii nasema "nina" sijawahi kugundua kwamba kitenzi hakimo ndani. Na kukanusha, mwalimu, wao wametuonea huruma: wanatanguliza *no* tu, hakuna kinachobadilika. *No tengo*, *no tenía*, *no tendré*. Sisi ndio wenye sina na sikuwa na.

MDAU (Moshi, Soweto)

Basi umeitaja *tendré*. Hiyo "d" nayo ni ya nani? Si ilitakiwa iwe *teneré*?

MLETA UZI (Arusha)

Mkuu umenisogeza kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Wakati ujao wa Kihispania unachukua kitenzi kizima, *comer* (kula), unaongeza mkia: *comeré*, nitakula. Kwa hiyo ndiyo, ilikuwa iwe *teneré*. Watu wakawa wanaimeza ile "e" ya katikati kwa sababu ya kuitumia sana, n na r zikakutana uso kwa uso. Jaribu kutamka *tenré* haraka haraka. Ulimi ukitoka kwenye n kwenda kwenye r unagonga d njiani, utake usitake. Ikawa *tendré*.

Sasa turudi nyumbani. Mti mrefu, kitabu kirefu, nyumba…? Nyumba ndefu! Neno ni -refu, ikaja n ya ngeli, n na r zikakutana, d ikatokea. Kwetu r imegeuka d kabisa, kwao r imebaki na d imeingia katikati, lakini ni ulimi uleule wa binadamu unaokataa n kukaa na r. Nilipoliona hili nilikuwa kwenye foleni pale Mianzini na nilicheka peke yangu kwa furaha.

*Tendré, tendrás, tendrá, tendremos, tendréis, tendrán.* Na ukoo unafuata: *vendré*, nitakuja, *pondré*, nitaweka. *Mañana tendremos sol*, kesho tutakuwa na jua.

MDAU (Usa River)

Haya, narudi. Hiyo ya nyumba ndefu imenivunja nguvu, nakiri. Sasa nisaidie uliopita, maana hapo hata sentensi zangu za kuokota zinanigomea. *Tuve* na *tenía*. Zote si "nilikuwa na"?

MLETA UZI (Arusha)

Karibu tena kaka. Hapa twende polepole kama tunapanda ule ukuta wa Barranco mlimani.

*Tenía* ni hali iliyokuwepo, haina mwanzo wala mwisho unaousema. *Tuve* ni jambo lililotokea likaisha. Kiswahili tunatofautisha kwa kubadili neno lenyewe. *Tenía un hijo*: nilikuwa na mtoto. *Tuve un hijo*: nilipata mtoto, alizaliwa. *Tenía fiebre*: alikuwa na homa, ulipomkuta. *Tuvo fiebre*: alipata homa, ikamshika ikapita.

Na kwenye *tener que* ndipo ujue kwamba hili si pambo. *El cliente tenía que bajar*: mgeni alitakiwa kushuka. Alishuka? Hatujui, sentensi haisemi. *El cliente tuvo que bajar*: ilibidi mgeni ashuke, na alishuka. Fikiria unampigia simu ndugu yake Madrid usiku, kuna kilele cha mita 5,895 juu yako na mtu wao yuko mahali fulani kati ya hapo na chini. Herufi hizo ndizo zitakazomlaza au zitakazomkesha.

Maumbo: *tenía, tenías, tenía, teníamos, teníais, tenían*. Hiyo haina ukaidi wowote, imekaa kama vitenzi vya kawaida. Kaidi ni nyingine: *tuve, tuviste, tuvo, tuvimos, tuvisteis, tuvieron*. Sikiliza tena mkazo. Vitenzi vya kawaida vinapiga mwisho, *comí*, *comió*. *Tuve* na *tuvo* vinapiga mwanzo, tu-ve, tu-vo, kama neno la Kiswahili lililonyooka. Ndiyo maana hazina alama juu, usiziandikie. Ndugu zake ni *estuve* (nilikuwepo mahali) na *anduve* (nilitembea). Na "v" usiitamke kwa meno kama yetu, ni ya midomo, inaelekea "b". *Tuvo* na *tubo*, bomba la maji, kwao husikika sawa kabisa.

DADA WA MAPOKEZI (Moshi)

Na *tenga*? Wageni wakiondoka huwa wananiambia *que tengas buen día*. Mimi huwa nasema *gracias* tu, sijui wanasema nini hasa.

MLETA UZI (Arusha)

Wanakutakia: "uwe na siku njema". Hiyo *tengas* ni ile "uwe" yetu, ya kuomba na kutakia. Sisi tunageuza mwisho: una siku njema ni habari, uwe na siku njema ni dua. Wao wanachukua ile "g" ya *tengo* na kuigawa kwa nafsi zote: *tenga, tengas, tenga, tengamos, tengáis, tengan*. Wakiwa wengi wajibu *que tengan buen viaje*, muwe na safari njema. Mzee mmoja peke yake, *que tenga buen viaje*. Na kumwonya mtu kwenye ngazi iliyolowa: *ten cuidado* kwa kijana, *tenga cuidado* kwa mzee.

Kuna neno huwa naliweka mbele ya hii kila nikiangalia mawingu: *ojalá*. *Ojalá tengamos buen tiempo*, inshallah tuwe na hali ya hewa nzuri. Limetoka kwenye Kiarabu cha Andalusia na lina Mungu ndani yake, ni ndugu wa inshallah yetu. Kiarabu kilifika kwao kwa njia yao na kwetu kwa bahari, na sasa tunakutana nalo hapa uwanja wa ndege wa KIA kwenye mlango wa kutokea wageni.

MDAU (Usa River)

Naomba unisahihishie hii, nimeijenga mwenyewe sijaiokota kwa mtu: *Ayer tuve que esperar dos horas porque no tenía llave.*

MLETA UZI (Arusha)

Jana ilinibidi nisubiri kwa muda wa saa mbili kwa sababu sikuwa na ufunguo. *Tuve que* kwa sababu ulisubiri kweli na ikaisha, *no tenía* kwa sababu ni hali uliyokuwa nayo muda wote huo. Sina cha kusahihisha, kaka. Hakuna hata nukta.

Mvua imekatika na fundi amepiga simu, gari tayari. Kesho asubuhi napanda na wageni wanane wa Kolombia. Nikishuka Mweka nitapita hapa, kila mtu aniachie sentensi moja aliyoijenga mwenyewe, na dada wa mapokezi aanze na *tendré*.

DADA WA MAPOKEZI (Moshi)

*El sábado tendré veinticinco años.* Jumamosi nitakuwa na miaka ishirini na mitano. *Que tengas cuidado* huko juu kaka, na uwaulize wageni wako *¿tenéis frío?*

MLETA UZI (Arusha)

Hongera mapema, dada! Ila hawa ni Wakolombia, *tenéis* tuwaachie Wahispania. Nitawauliza *¿tienen frío?* Kila usiku, mmoja mmoja, na taa ya kichwani naelekeza mikononi.